Mwavuli Niliokwenda Kuurudisha

Siku ya 61 tangu niache pombe, niliamua kurudisha mwavuli. Ulikuwa umekaa nyuma ya mlango wangu kwa miaka 2 hivi, mweusi, wenye ubavu mmoja uliopinda, na nilikuwa na hakika kwamba niliuazima kwa rafiki yangu wa zamani, mtu niliyekunywa naye kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kudumu katika jambo jingine lolote. Wazo lilinijia nikiwa nafunga kamba za viatu jioni baada ya kazi, nalo lilikuja limevaa vizuri: mtu mwungwana hakai na vitu vya watu. Sikuwaza pombe hata kidogo. Njiani niliwaza uungwana, nikakumbuka ahadi zote nilizowahi kuzisahau, nikajisifu kimoyomoyo kwamba huku ndiko kupona kwenyewe. Nilifika kwake saa moja. Katika miaka yote niliyomjua, haikupata kutokea saa moja ya jioni ikamkuta rafiki yangu bila chupa mezani, na hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu.

Nilikunywa glasi 2. Nikizitazama leo, glasi hizo zilikuwa kosa ambalo lingeweza kuishia palepale, kwa kuwa nilikuwa bado na akili ya kusimama, kuaga na kumpigia dada yangu simu. Kilichoniangusha hasa ni sentensi iliyofuata, ambayo ilipita kichwani kwa sauti ya utulivu, kama karani anayefunga jalada: basi, nimeshaharibu. Siku 61 zimekwenda, hesabu imerudi sifuri, na mtu aliye sifurini hana cha kulinda. Nilikunywa kwa siku 11 mfululizo kutokana na sentensi ile, wala si kutokana na zile glasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kiu. Watu wote walikuwa wamenionya habari ya kiu, nami nilikuwa nimeijengea ukuta: nimebadilisha njia ya kurudia nyumbani, nimefuta namba kadhaa za simu, nimejifunza kunywa maji mengi hamu inapopanda. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hatari itanijia kwa sauti ya busara, ikizungumzia mwavuli.

Mshauri wangu alikuwa mama wa makamo asiyekuwa na haraka, na nilipomsimulia kisa chote nikitarajia aniulize kwa nini nilikunywa, aliuliza jambo jingine kabisa. “Huo mwavuli, nani aliuulizia?” Nikamjibu, “Hakuna, mama.” Akanyamaza kwa muda uliotosha kunifanya nijikune shingo. Kisha akanitaka nisimulie kinyumenyume, kuanzia glasi hadi kamba za viatu, na katika kila hatua niseme niliamua nini. Niliamua kubisha hodi badala ya kuuacha mwavuli kibarazani. Niliamua kwenda jioni badala ya Jumamosi asubuhi. Niliamua kutomwambia dada yangu ninakokwenda, nikajieleza kwamba jambo lenyewe ni dogo mno. Hapakuwa na uamuzi hata mmoja uliotaja pombe, na bado kila mmoja ulinisogeza karibu nayo kwa hatua moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba anguko langu, ambalo nilidhani ni la kipekee, lilikuwa limekwisha kuelezwa zamani. Alan Marlatt na Judith Gordon, watafiti wa Marekani waliochunguza jinsi watu wanavyorudia ulevi, walieleza katika kazi yao ya mwaka 1985 sehemu zote mbili za jioni yangu: maamuzi yanayoonekana hayahusiani na pombe lakini yanayompeleka mtu kwenye pombe, na ile hali ya mtu aliyejiapiza asinywe kabisa kugeuza tone moja kuwa gharika, kwa sababu analisoma tone lile kama ushahidi kwamba yeye hafai. Nilifarijika, na kusema kweli niliudhika kidogo pia, maana mlevi hupenda kuamini kwamba hata maangamizi yake yana ufundi wa pekee.

Kazi niliyopewa baada ya hapo ilikuwa daftari. Nilitakiwa kuandika kila wazo linalohusu kunywa, au lililonijia muda mfupi kabla ya hamu, na sharti lilikuwa moja: niandike maneno yenyewe, si maana yake. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na wiki ya kwanza niliandika kama mkaguzi. “Nilipata hamu kiasi.” “Nilikuwa na mawazo hasi kuhusu kazi.” Mama yule alinirudishia daftari akasema hajaona wazo hata moja humo ndani, ameona vichwa vya habari. Maneno yenyewe, alisisitiza, kama yalivyosemwa humo kichwani, pamoja na vijineno vyake vyote.

Asili ya zoezi hili ni mbali kidogo na ulevi. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Philadelphia, alikuwa akiwatibu watu wenye sonona, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aligundua kwamba nyuma ya yale waliyomweleza kulikuwa na mkondo mwingine wa mawazo ya haraka, mafupi, yanayojitokeza yenyewe, ambayo wagonjwa waliyaamini bila kuyakagua kwa sababu hawakujua kwamba wameyawaza. Aliona pia kwamba mawazo hayo hupinda kwa namna zinazojirudia: kuona mambo kuwa ama yote ama hakuna, kujitwika lawama za kila kitu, kutabiri mabaya na kuyahesabu kama yaliyokwisha tokea. Yeye na wenzake walipogeukia uraibu, katika kazi waliyoitoa mwaka 1993, walitenga kundi moja ambalo mimi naliona ndilo lenye sumu kuliko yote, yaani imani zinazotoa ruhusa. Hamu peke yake hainyanyui glasi. Kati ya hamu na mkono kuna sentensi fupi inayosema “ruhusa”, na mraibu huwa haisikii kwa sababu ni yake mwenyewe.

Nilipoanza kuandika kama nilivyoagizwa, baada ya wiki 3 nilikuwa na sentensi 43. Nikazikagua kama ninavyokagua stakabadhi, nikitafuta kinachojirudia, na nilichokiona kilinifanya nicheke peke yangu. Katika sentensi 26 kulikuwa na neno “tu”. Moja tu. Leo tu. Napita tu kuwasalimia. Nataka tu nilale. Ni bia tu, si pombe kali. Sijawahi kusikia mtu akisema kwa msisitizo kwamba atakunywa maji glasi moja tu, kwa sababu kitu kilicho kidogo kweli hakihitaji kutetewa udogo wake. “Tu” ya mraibu ni muhuri wa forodha: unagongwa juu ya mzigo ili usifunguliwe. Tangu siku ile nilijiwekea desturi kwamba “tu” ikijitokeza katika wazo langu, nasimama na kuufungua mzigo, hata kama lebo yake ni mwavuli.

Neno la pili lilikuwa “kwani”. Kwani nimemkosea nani? Kwani wao hawanywi? Kwani tumekuja duniani mara ngapi? Hili ni jepesi zaidi kulitambua, na dawa yake niliigundua kwa bahati. Maswali ya “kwani” hayataki jibu. Yanaulizwa kwa kifua mbele ili anayeulizwa anyamaze. Siku moja nililijibu. Niliandika “Kwani nimemkosea nani?” juu ya ukurasa, kisha nikaorodhesha majina. Nilijaza ukurasa mmoja na nusu, na jina la dada yangu lilijirudia mara 6 kwa makosa tofauti. Swali hilo halijanisumbua tena.

Mawazo yaliyonichukua muda mrefu zaidi kuyatambua ni yale makali, nayo sikuyaandika hata kwenye daftari mwanzoni, kwa kuwa sikudhani ni mawazo yaliyopotoka. Nilidhani ndiyo ukweli wangu wa mwisho. Mimi ni mlevi na nitakufa mlevi. Watu kama mimi hatubadiliki. Nimepoteza miaka 14 na hakuna cha kuokoa. Sentensi hizi zina sauti ya toba. Zinamfanya mtu ajione mkweli, jasiri, asiyejificha, na hata wanaomsikiliza humheshimu kwa kujikosoa hivyo. Nilikuwa nazithamini. Niliamini kwamba nikijichapa vya kutosha, nitaogopa kurudi nyuma.

Mama aliponiuliza ni nini nilichofanya saa 2 au 3 baada ya kila sentensi ya namna ile, nilirudi kwenye kumbukumbu na kukuta kwamba mara nyingi nilikuwa nimekunywa au nimepigana na hamu nzito kupita kawaida. Mantiki yake ni rahisi ukishaiona. Anayesema “sitabadilika kamwe” amejiondolea kazi ya kubadilika jioni hii. Ile iliyoonekana kama hukumu ilikuwa likizo. Nikawa na jozi ya ajabu katika daftari: kwenye kurasa za siku njema niliandika “nimeshapona, sasa naweza kuonja kama watu wengine”, na kwenye kurasa za siku mbaya niliandika “siwezi kupona, bora ninywe”. Hoja mbili zinazopingana kila neno, na zote ziliishia mlangoni pa baa ileile. Kwangu huo ukawa mtihani bora kuliko kujiuliza kama wazo ni la kweli. Wazo ambalo likigeuzwa juu chini bado linanipeleka kwenye pombe halikuwa likitafuta ukweli tangu mwanzo.

Kusoma mawazo ya wengine nako kulinitesa, ingawa nitakupitia kwa haraka kwa sababu kisa chake kinanitia aibu ndogo. Jioni moja nilifika kwa dada yangu, naye akaniangalia akasema, “Umechelewa, mdogo wangu.” Nilisikia: umetoka kunywa. Nilikaa kitini nusu saa nikimjibu kimoyomoyo, nikikusanya ushahidi kwamba haniamini na kwamba hakuna maana ya kujinyima ikiwa hukumu imeshatolewa. Kumbe alikuwa akinisubiri nimsaidie kusogeza kabati. Aliniambia hivyo mwenyewe, akishangaa kwa nini nimenuna. Kama singeuliza, ningeondoka pale na ruhusa kamili ya kunywa iliyotiwa saini na mtu ambaye hakujua kwamba ametia saini.

Kuna upotofu mwingine ambao haukuwa na maneno kabisa, nao ni wa kumbukumbu. Nilipokumbuka pombe, nilikumbuka saa ya kwanza: kicheko, mwili kulegea, mabega kushuka. Kichwa changu hakikuniletea saa tisa ya usiku, sakafu baridi, wala simu niliyokuwa naogopa kuiangalia asubuhi. Na kwa kuwa nilitamani kwa nguvu, nilihitimisha kwamba lazima naipenda sana pombe, na kwamba kuiacha ni kuishi bila kitu nikipendacho. Hitimisho hilo lilitikisika niliposoma maelezo ya Terry Robinson na Kent Berridge, ambao mwaka 1993 walitoa nadharia kwamba katika ubongo kutaka na kufurahia ni mambo mawili yenye njia tofauti, na kwamba matumizi ya muda mrefu huifanya njia ya kutaka, ile inayohusika na dopamini, kemikali ya ubongo, kuwa nyepesi kuamshwa hata pale furaha yenyewe imeshapungua. Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa. Miaka yangu 4 ya mwisho ya ulevi nilitaka kila siku, na sikumbuki hata siku 10 ambazo nilifurahia. Ukubwa wa hamu yangu ulikuwa unapima uraibu, nami nilikuwa nausoma kama kipimo cha thamani ya kile ninachokikosa.

Lazima niseme pia juu ya wazo moja ambalo nusura liniue, kwa sababu linasifiwa sana. Jaribio langu la kwanza kabisa la kuacha nililifanya peke yangu, ghafla, nyumbani, nikiongozwa na sentensi “mwanamume wa kweli huacha mwenyewe”. Nilikuwa nakunywa kila siku kwa miaka mingi. Siku ya pili nilianguka bafuni kwa mtukutiko kama wa kifafa, na kama dada yangu hangekuja siku hiyo sijui nani angeandika haya. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kupata mitukutiko, hasa ndani ya saa 48 za kwanza, na baada ya siku 2 hadi 4 wengine huingia katika hali ya kuweweseka na kuona visivyokuwepo, ambayo isipotibiwa inaweza kuua. Anayekunywa kila siku kwa wingi na kutaka kuacha anahitaji daktari kwanza, kisha falsafa. Upotofu uleule ulinirudia baadaye kwa sura nyingine, nilipoandikiwa naltrexone, dawa ya kusaidia kupunguza hamu ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1994 kwa matibabu ya uraibu wa pombe. Niliikataa kwa miezi 5 nikidai kwamba anayetumia dawa hajaacha kweli. Ama yote ama hakuna, kwa mara nyingine. Nilipokubali kuitumia, hamu ilishuka kiasi kwamba niliweza kuyasikia mawazo yangu vizuri zaidi, na hilo lilikuwa la faida kuliko fahari yote niliyokuwa nimeilinda.

Sitaki mtu adhani kwamba kulitambua wazo lililopotoka ni sawa na kulishinda kwa hoja. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na kipindi fulani niligeuza daftari kuwa mahakama: wazo linasimama, mimi nahoji, wazo linajibu, mimi napinga. Kuna usiku nilibishana hadi nikashindwa kesi. Mawazo yangu ya usiku wa manane ni mawakili wazuri kuliko mimi, hasa nikiwa na njaa, nimekasirika, niko mpweke au nimechoka. Mambo hayo manne hutajwa mara kwa mara katika vikundi vya watu wanaoacha pombe, nami mwanzoni niliyadharau kama mambo ya kitoto, mpaka nilipoandika pembeni ya kila sentensi hali ya mwili wangu na kuona kwamba karibu nusu ya falsafa zangu zenye giza ziliandikwa na mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Kwa hiyo sasa nina kanuni ya ukaidi. Baada ya saa tatu usiku sijadili chochote na kichwa changu. Nalitaja wazo kwa jina lake, “hiyo ni ruhusa”, natazama saa, na nangoja. Hamu huja kama wimbi, hupanda, hufika kileleni, hushuka. Marlatt alifundisha watu kulipanda wimbi hilo badala ya kupigana nalo. Nimezipima zangu kwa saa ya mkononi, na ndefu kuliko zote ilichukua dakika 25. Ubishi ndio uliokuwa ukizirefusha.

Jambo la kuchekesha ni kwamba neno nililolifukuza kwa bidii kuliko yote ndilo lililorudi kunisaidia. Katika vikundi vya kusaidiana, ambavyo chimbuko lake linarudi hadi Alcoholics Anonymous, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1935 na watu wawili waliokuwa wakihangaika na pombe kama mimi, watu hawaapi kwamba hawatakunywa maisha yao yote. Wanasema leo tu. Niliposikia mara ya kwanza nilikaribia kuinua mkono niwaonye kwamba hapo pana “tu”. Nilihitaji wiki kadhaa kuikubali. “Tu” yangu ya zamani ilipunguza kosa ili lipite. “Tu” ya chumba kile inapunguza mzigo hadi ufikie kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuubeba kuanzia asubuhi hadi usiku. Naitumia kila siku, ingawa bado inanikwaruza kidogo ulimini.

Niko soba, kama tunavyosema wenyewe, kwa miaka 4 na miezi kadhaa. Daftari ninaloandika sasa ni la saba. Sentensi zimepungua sana, ila hazijaisha, na zinazokuja siku hizi ni za kistaarabu mno. Mwezi uliopita moja ilinishauri nihudhurie sherehe ya mwenzangu wa kazini “ili nisionekane najitenga”, na niliisoma mara 3 kabla ya kugundua kwamba sherehe yenyewe nilikuwa sijaalikwa.

Kuhusu mwavuli: usiku ule nilioanguka mvua ilinyesha, na nilirudi nao nyumbani. Ukakaa tena nyuma ya mlango kwa zaidi ya mwaka. Hatimaye nilimwomba dada yangu aupeleke, asubuhi, saa nne, yeye mwenyewe bila mimi. Alirudi nao mkononi. Rafiki yangu alikuwa ameufungua, akautazama ule ubavu uliopinda, akamwambia kwamba yeye hajawahi kuwa na mwavuli mweusi.